MKEKA WA MAMA NI DAFTARI LA HESABU

Msomaji mpenzi, leo tukae kidogo nyumbani kwako. Jua linashuka, kuku wanatafuta mahali pa kulala, na mama amekaa uani anasuka ukili. Chane za ukindu zimelala mapajani pake. Vidole vinakwenda upesi, wala macho hayavifuati. Macho yako jikoni yanachunga sufuria.

Mara binti anaingia kutoka shuleni, uso ameuinamisha. Anatoa daftari. Amepata alama 4 kwa 20.

"Hesabu tena?" mama anauliza.

"Ndiyo, mama. Mwalimu anatufundisha vigawo na vigawe. Sielewi hata kidogo."

"Basi, usilie, mwanangu. Hesabu si mambo yetu. Hata mimi zilinishinda. Njoo unichambulie mchicha."

Mama mpenzi, hapo ndipo ninapotaka kukuambia: la, sivyo! Ulitaka kumfariji mtoto, nami najua ulisema kwa mapenzi. Lakini maneno yako machache yamemfungia mlango. Kesho mwalimu akiandika ubaoni, binti hatajaribu tena, maana mama yake amekwisha kumwambia kwamba jambo hilo si la kwao. Tena jambo la ajabu ni hili: wakati ule ule ulipokuwa ukisema hivyo, vidole vyako vilikuwa vikifanya hesabu.

Husadiki? Soma nami mpaka mwisho wa habari hii, uone.

VIDOLE VINAVYOHESABU

Tazama ukili ulio mkononi mwako. Chane moja inapita juu ya mbili, halafu chini ya mbili, tena juu ya mbili. Chane inayofuata inafanya vivyo hivyo, ila inaanza nafasi moja mbele. Ya tatu nayo inasogea nafasi moja. Ya nne vile vile. Ikifika ya tano, inarudi sawasawa na ile ya kwanza. Kwa sababu hiyo unaona katika mkeka mistari inayopanda mshazari kama ngazi. Hukuichora ngazi ile kwa kalamu. Imetokea yenyewe, kwa kuwa ulihesabu: mbili juu, mbili chini, sogea moja.

Sasa jaribu kukosea. Ruka chane moja tu. Kwanza huoni kitu. Baada ya kusuka kidogo, ngazi inavunjika, na jicho lako linakataa. Unafumua, unarudi mpaka pale ulipokosea, unaanza upya. Je, mwanafunzi anapofuta jibu lake na kurudi mpaka mstari aliokosea, anafanya nini tofauti na wewe?

Basi, uzuri wa mkeka na hesabu ya mkeka si vitu viwili. Ukiharibu hesabu, umeharibu uzuri. Watu wengi hudhani kwamba hesabu ni kazi kavu ya ubao na chaki, na kwamba sanaa ni mchezo wa rangi usio na sheria. Lakini msukaji anajua kwamba mambo haya mawili hulala katika mkeka mmoja.

KIKAPU CHA DUARA

Tuendelee mbele kidogo. Ukili ni mrefu, una mwanzo na mwisho, kwa hiyo pambo lisipotimia ukingoni, si hasara kubwa. Lakini kikapu cha duara hakina mwanzo wala mwisho. Pambo linazunguka tumbo la kikapu na kurudi lilikoanzia. Lisipokutana vizuri, kila mtu sokoni ataona kilema chake.

Tuseme umeandaa chane 60 za kuzunguka kikapu. Unataka pambo linalojirudia kila baada ya chane 5. Litaingia mara 12, halibaki pengo. Ukitaka la chane 6, litaingia mara 10, sawa kabisa. Lakini ukitaka la chane 7, litaingia mara 8, na chane 4 zitabaki hazina pambo. Hapo msukaji hana budi kuongeza chane 3 zitimie 63, au kupunguza 4 zibaki 56.

Je, ukitaka mapambo mawili, la juu likijirudia kila baada ya chane 4 na la chini kila baada ya chane 6? Sasa huna budi kutafuta hesabu inayogawanyika kwa 4 na kwa 6 pia: 12, au 24, au 36, au 48, au 60. Hiyo 12, iliyo ndogo kuliko zote, ndiyo ile ambayo mwalimu huiita Kigawe Kidogo cha Shirika. Kumbe! Jambo lililomliza binti yako darasani limo katika kikapu ulichobebea ndizi juzi.

Yupo mtu aliyetumia maisha yake kulichunguza jambo hili. Jina lake ni Paulus Gerdes. Alizaliwa Uholanzi mwaka 1952, akaenda kufundisha hesabu Msumbiji baada ya nchi ile kupata uhuru mwaka 1975, na huko akafanya kazi miaka mingi. Alifariki mwaka 2014. Bwana huyo hakuridhika na vitabu vya ng'ambo peke yake. Alikaa na wasukaji wa mikoba ya jimbo la Inhambane, mikoba iitwayo sipatsi, akahesabu chane zao na mapambo yao. Akaona kwamba kila pambo lina kipimo chake, na kwamba idadi ya chane za mkoba haina budi kugawanyika kwa kipimo hicho. Wasukaji wale walilijua jambo hili mikononi mwao bila kuliandika. Akawaambia walimu wa Msumbiji: anzeni na vitu hivi ambavyo watoto wanaviona nyumbani, msianze na vitu vigeni tu.

MCHANGA WA ANGOLA

Sasa nikupeleke mbali zaidi, kwa ndugu zetu Wachokwe. Kwao ni kaskazini-mashariki ya Angola, na wengine wao wako Kongo na Zambia. Utaona kwamba safari hii itaturudisha kwenye mkeka ule ule.

Wazee wa Kichokwe walikuwa na desturi ya kusimulia hadithi huku wakichora mchangani. Mchoro mmoja huitwa lusona, na mingi huitwa sona. Mzee husawazisha mchanga kwa kiganja. Kwa ncha za vidole hupiga nukta, safu kwa safu, zenye nafasi sawasawa. Kisha huanza kusimulia, na kidole chake huzunguka kati ya nukta hizo, kikipinda na kurudi bila kuinuliwa. Akisitasita, wasikilizaji hutabasamu, maana wamejua kwamba hajaiva. Hadithi inapomalizika, mstari nao umerudi pale ulipoanzia. Vijana wa kiume walifundishwa sona katika jando, na mabingwa wachache waliendelea mpaka kuijua michoro migumu.

Mmojawapo wa michoro hiyo hueleza habari ya mwanzo wa dunia. Wanasimulia kwamba Jua lilikwenda kumwamkia Mungu, likapewa jogoo na kuambiwa lirudi asubuhi kabla ya kuondoka. Alfajiri jogoo akawika, Jua likaenda. Mungu akaona kwamba Jua halikumla yule jogoo, akaliambia limchukue, lakini lirudi kila siku. Mwezi nao ukafanya vivyo hivyo, ukaambiwa urudi kila mwezi. Ndipo akaja mtu. Naye alipewa jogoo, lakini alikuwa na njaa ya safari, akamchinja, akamla. Asubuhi hakuna wa kumwamsha, akalala mpaka jua likawa juu. Mungu akamwuliza, "Jogoo wako yuko wapi? Sikumsikia akiwika." Mtu akaungama kwamba amemla. Mungu akamwambia, "Jua na Mwezi hawakumwua jogoo wao, kwa hiyo hawatakufa. Wewe umemwua wako, basi nawe utakufa kama yeye. Na utakapokufa utarudi hapa kwangu."

Hadithi kubwa kama hiyo iliwekwa katika nukta na mstari ili isisahaulike. Katika mchoro, Mungu yuko juu, mtu yuko chini, Jua na Mwezi wako pembeni, na mstari unawaunganisha wote.

Gerdes alizichunguza sona kwa miaka mingi. Akaona kwamba nyingi kati yake hufuata njia ya chane za mkeka. Unajua mwenyewe kwamba chane ikifika ukingoni mwa ukili, hukunjwa na kurudi ndani kwa mshazari. Mstari wa sona hufanya vivyo hivyo: ukifika ukingoni mwa nukta, hupinda na kurudi. Kutoka katika michoro hiyo yeye mwenyewe alipata mapambo mapya ya hesabu ambayo hayakujulikana kabla, akayaita kwa jina la Lunda, sehemu ile ya Angola yalikotoka.

JARIBU MWENYEWE

Haya, msomaji, usiniamini kwa maneno tu. Chukua kijiti na punje za maharage, ukae mchangani na watoto. Au tumia daftari la hesabu lenye vijumba.

Chora mstatili wenye vijumba 6 kwa upana na 4 kwa kimo. Ugawe kwa mafungu ya vijumba vinne vinne, viwili juu na viwili chini, na katikati ya kila fungu weka harage moja. Utapata maharage 6: safu 2, kila safu maharage 3.

Sasa anza kwenye ukingo wa chini, mahali palipo kijumba kimoja kutoka kona ya kushoto. Panda mshazari kuelekea kulia, ukikata kila kijumba kutoka kona hata kona. Baada ya vijumba vinne utagonga ukingo wa juu. Geuka kama mpira unavyogeuka ukigonga ukuta, ushuke ukiendelea kulia. Baada ya kijumba kimoja utagonga ukingo wa kulia. Geuka tena, ushuke kuelekea kushoto. Endelea hivyo, usiinue kijiti, usirudie njia.

Ukifuata vizuri, baada ya hatua 24 utarudi pale pale ulipoanzia. Hukugusa harage hata moja, na kila harage limezungukwa, limekaa katika nyumba yake. Umechora pambo zima kwa mstari mmoja!

Sasa jaribu safu 2 za maharage 2, katika mraba wa vijumba 4 kwa 4. Anza kama mwanzo. Kumbe, baada ya hatua 8 tu umerudi nyumbani, na nusu ya vijumba haijaguswa. Huna budi kuinua kijiti na kuanza mstari wa pili.

Watoto wajaribu tena. Safu 3 za maharage 4: mstari mmoja. Safu 3 za maharage 3: mistari mitatu. Safu 4 za maharage 6: mistari miwili. Safu 5 za maharage 6: mstari mmoja tena. Safu 6 za maharage 9: mistari mitatu. Waulize: je, kuna sheria gani hapa? Uwaache wafikiri, usiwaambie upesi.

Sheria yenyewe ni hii. Chukua idadi ya safu na idadi ya maharage katika kila safu. Tafuta namba kubwa kuliko zote inayogawa zote mbili bila kubakiza. Hiyo ndiyo idadi ya mistari. Kwa 4 na 6 ni 2. Kwa 6 na 9 ni 3. Kwa 5 na 6 ni 1. Shuleni wanaiita Kigawo Kikubwa cha Shirika.

KWA NINI IWE HIVYO?

Mtoto mwenye akili atauliza kwa nini, naye anastahili kujibiwa.

Mwambie hivi. Mstari wetu ni kama wasafiri wawili waliofungwa kamba moja. Mmoja huenda kulia na kurudi kushoto tu. Mwingine hupanda na kushuka tu. Katika mstatili wetu wa kwanza, yule wa kwanza huenda hatua 6 na kurudi hatua 6, jumla 12. Wa pili hupanda hatua 4 na kushuka hatua 4, jumla 8. Watakutana lini mahali walipoanzia, wote wawili pamoja? Ni kama minada miwili, mmoja kila siku ya 12 na mwingine kila siku ya 8. Iliangukia siku moja leo, itaangukia siku moja tena baada ya siku 24. Basi mstari hurudi nyumbani baada ya hatua 24. Vijumba vyote ni 6 mara 4, yaani 24, na kila kijumba hukatwa mara moja tu. Kwa hiyo mstari mmoja umemaliza kazi yote.

Katika mraba wa pili, wasafiri wote wawili hurudi baada ya hatua 8. Vijumba ni 16. Hatua 8 haziwezi kumaliza vijumba 16, kwa hiyo mistari ni miwili. Umeona? Hakuna uchawi wala bahati. Mzee wa Kichokwe aliyepiga safu 5 za nukta 6 hakuhangaika. Alijua kidole chake kitarudi nyumbani.

MKONO NA KALAMU

Pengine utaniuliza, "Kama mkono wangu unajua yote haya, shule ya nini?" Swali zuri. Mkono unajua kwamba pambo hili linakubali na lile linakataa. Kalamu inajua sababu, tena inajua kabla hujachana ukindu. Mama anayejua kugawanya hatasuka nusu ya kikapu ndipo agundue kwamba chane hazitoshi. Na mtoto aliyeona vigawo mchangani hatavikariri kama kasuku, maana ameviona kwa macho. Mkono bila kalamu hupoteza ukindu, na kalamu bila mkono hupoteza mtoto.

Tena kuna hasara nyingine iliyo karibu kuliko tunavyodhani. Kwa Wachokwe, biashara ya watumwa na utawala wa kigeni viliivuruga jamii, na sehemu kubwa ya maarifa ya sona ikapotea. Mabingwa walikufa, na vijana waliokuwa wajifunze hawakuwapo. Kilichookolewa kiliokolewa na watu waliojali kukaa na wazee na kunakili michoro yao. Mwaka 2023 shirika la UNESCO liliziandika sona za Angola katika orodha ya urithi wa utamaduni wa wanadamu wote. Ni heshima kubwa. Lakini orodha haiwezi kuchora. Kinachochora ni kidole cha mtoto aliyefundishwa.

Nasi je? Mikeka ya plastiki imejaa madukani, na siwalaumu wanunuzi, maana ni rahisi na inaoshwa upesi. Ila nakuuliza: katika nyumba yako, nani anajua kusuka ukili? Kama ni bibi peke yake, basi maarifa hayo yamebakiza pumzi za mtu mmoja. Siku atakapozikwa, tutazika na hesabu yake.

Nawe baba, usikae pembeni ukidhani haya ni mambo ya wanawake. Kwa Wachokwe wachoraji walikuwa wanaume, tena walifundisha watoto wao wa kiume kwa saburi. Keti na binti zako pia. Mchango huo hautakudai hata senti moja. Unadai jioni moja na gao la maharage.

Wahenga walisema, mali bila daftari huisha bila habari. Daftari la kwanza la mama ni ule mkeka anaousuka, na mali yenyewe ni mtoto aliyesimama mbele yake na alama 4 kwa 20.

Basi, mama, kesho binti akirudi na uso wa kuinama, usimwambie tena kwamba hesabu si mambo yenu. Msogezee nafasi mkekani, umwambie: "Lete maharage, mwanangu. Nataka kukuonyesha jambo."